Mwito na Mwitikio: Mtindo na Toni ya Mikutano Mikuu ya CCM na Chadema, 1995–2025

1.0 Utangulizi

Mkutano mkuu wa chama cha siasa ni kikao cha kikatiba. Ndicho chenye kauli ya mwisho kuhusu uongozi, sera na wagombea wa chama. Pamoja na hayo, mkutano mkuu ni tukio la lugha. Wajumbe husalimiana kwa salamu ya chama, huitana kwa majina ya heshima yanayokubalika katika chama chao, huimba, hushangilia, hunyamaza, na mwishowe hutamka uamuzi. Mwanaisimu anayesikiliza kwa makini anaweza kujifunza mengi kuhusu chama hata kabla ya kusoma ilani yake.

Mhadhara huu unalinganisha mikutano mikuu ya vyama viwili vya Tanzania: Chama cha Mapinduzi (CCM) na Chama cha Demokrasia na Maendeleo (Chadema). Istilahi mbili zinahitaji kufafanuliwa tangu mwanzo. Mtindo, kwa maana inayotumika hapa, ni mazoea ya kudumu ya uteuzi wa lugha na ishara: salamu, majina ya kuitana, nyimbo, rangi na mavazi. Toni ni msimamo wa msemaji kwa hadhira yake na kwa jambo linalozungumzwa: utulivu, kebehi, wasiwasi, majivuno au unyenyekevu.

Katika mijadala mingi mambo haya mawili huchanganywa. Husemwa kwamba CCM ni chama cha utulivu na Chadema ni chama cha ghasia. Au kwamba CCM ni chama cha kusifu na Chadema ni chama cha kuhoji. Ushahidi wa miaka thelathini hauungi mkono mgawanyo huo rahisi. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba mtindo ni mali ya chama na hubadilika polepole, ilhali toni huamuliwa na jambo moja: iwapo wajumbe wanaingia ukumbini wakiwa wanajua matokeo au hawayajui. Chama kilekile huweza kuwa na toni mbili tofauti kabisa katika mikutano miwili, huku salamu na nyimbo zikibaki zilezile.

2.0 Chimbuko Moja

Vyama vyote viwili vilirithi namna ya kuendesha mikutano kutoka TANU. Chama hicho kilizaliwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954, kikirithi nafasi ya TAA, na kwa muda mfupi kikaifanya lugha ya Kiswahili kuwa lugha ya jukwaa la siasa Tanganyika nzima. TANU nayo haikuanza na ukurasa mtupu. Pwani na miji ya bara ilikuwa tayari na desturi ndefu ya mashindano ya kauli. Washairi wa Mombasa, Muyaka bin Haji akiwa mashuhuri kuliko wote, walitumia mashairi katika uhasama wa miji na watawala. Baadaye vikundi vya ngoma ya beni, kama vile Marini na Arinoti katika Tanganyika, vilishindana kwa nyimbo, sare na vyeo vilivyoigwa kutoka jeshini na serikalini. Kwa hiyo, jukwaa la chama lilikuta hadhira iliyokwisha kuzoea mambo matatu: kiongozi anayeanzisha, kundi linaloitikia, na mpinzani anayesubiri kujibu.

Mkutano wa TANU wa Tabora wa Januari 1958 ni mfano wa kwanza unaofaa kuchunguzwa. Swali lililokuwa mezani lilikuwa gumu. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeweka uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wajumbe wengi waliuchukia utaratibu huo. Julius Nyerere alitaka TANU ishiriki, na uamuzi wa kushiriki ulipopita, Zuberi Mtemvu alijitoa na kuunda chama cha African National Congress. Uamuzi huo ulikuja kuitwa uamuzi wa busara. Jina hilo linastahili kutazamwa kwa jicho la kiisimu. Kuuita uamuzi mmoja "wa busara" ni kuuhukumu ule mwingine bila kuutaja. Historia ya chama ikaandikwa kwa jina walilopenda washindi, na hoja ya walioshindwa haikupata jina.

Baada ya 1965, Tanzania ilipokuwa nchi ya chama kimoja kisheria (TANU kwa Bara na ASP kwa Zanzibar), na baada ya vyama hivyo kuungana tarehe 5 Februari 1977 na kuzaa CCM, mikutano mikuu haikuwa na hasimu wa kushindana naye. Hapo ndipo mtindo ulipoganda. Mambo mengi yanayoonekana leo kuwa ya asili katika mikutano ya siasa, kuanzia salamu za mwanzo hadi maazimio ya kupongeza, yalipata sura yake katika kipindi ambacho hakukuwa na chama kingine cha kuyajibu. Mfumo wa vyama vingi uliporejeshwa mwaka 1992, vyama vipya vilianzishwa na watu waliolelewa katika shule hiyohiyo. Edwin Mtei, mwasisi wa Chadema, alikuwa Gavana wa kwanza wa Benki Kuu ya Tanzania na aliwahi kuwa Waziri wa Fedha katika serikali ya Mwalimu Nyerere. Uhasama wa vyama hivi, kwa hiyo, ni uhasama wa jamaa waliofundishwa kusema na mwalimu mmoja.

3.0 Salamu za Vyama

Salamu ya chama ndiyo sehemu fupi kuliko zote katika mkutano, na pengine ndiyo inayobeba maana nyingi zaidi. Katika mikutano ya CCM, msemaji hutamka: "Kidumu Chama cha Mapinduzi!" Hadhira hujibu: "Kidumu!" Kitenzi hiki kiko katika hali tegemezi, yaani hali ya dua na matakwa. Kiambishi ki- kinarejelea chama chenyewe. Hakuna mtu aliyetajwa kuwa mtenda, wala hakuna anayeagizwa kufanya jambo. Chama kinaombewa kudumu, kama mzee anavyoombewa umri mrefu. Kazi ya hadhira ni kulirudisha neno lilelile kwa msemaji. Mwitikio hauongezi kitu katika mwito, unauthibitisha.

Salamu za vyama vilivyozaliwa baada ya 1992 zina umbo jingine. Chama cha Wananchi (CUF) kilikuwa na salamu ambayo kiongozi husema "Haki!" na hadhira humalizia "Sawa kwa wote!" Chadema nao wakapata umaarufu kwa "Pipoz!" inayojibiwa "Pawa!", maneno yaliyotoholewa kutoka Kiingereza kwa maana ya nguvu ya umma. Katika salamu hizi mbili, kauli ya kiongozi haijakamilika. Haki bila "sawa kwa wote" ni nusu ya wazo, na "pipoz" peke yake haina maana yoyote kwa msikilizaji wa Kiswahili. Hadhira ndiyo inayoikamilisha sentensi.

Wapo waliowalaumu Chadema kwa kutumia maneno ya Kiingereza katika nchi yenye utajiri wa Kiswahili. Lawama hiyo ina msingi, lakini haina budi kuzingatia umbo la salamu. "Nguvu ya umma" haigawanyiki kwa urahisi kati ya mtu mmoja na umati. "Pipoz" na "Pawa" zinagawanyika sawasawa, zote zikianza kwa sauti ileile ya kipasuo cha midomo, nayo huvuma vizuri uwanjani. Aliyeichagua salamu hiyo alilitanguliza sikio mbele ya kamusi.

Ni vyema kutozidisha uzito wa tofauti hii. Mwitikio wa "oyee" hutumiwa na karibu vyama vyote, na umati unaomalizia sentensi ya kiongozi bado unamalizia sentensi ambayo mwisho wake unajulikana. Mtu aliyeko uwanjani hana nafasi ya kujibu "Haki!" kwa maneno yake mwenyewe. Salamu ya kurudisha na salamu ya kukamilisha zinatofautiana katika kazi inayopewa hadhira, lakini hakuna hata moja kati yake iliyoacha nafasi ya neno "hapana".

4.0 Ndugu na Kamanda

Tofauti ya pili iko katika namna ya kuitana. Katika TANU, na baadaye CCM, jina la kuitana lilikuwa "Ndugu". Ahadi ya kwanza ya mwanachama wa TANU ilihusu undugu wa binadamu wote, na neno hilo likatumika kuondoa tofauti za vyeo, rangi na umri. Kwa kulitumia, chama kilijifananisha na ukoo. Ukoo una wazee, una siri, na una desturi kwamba ugomvi wa ndani hautolewi nje. Tangu miaka ya 1990 neno "Mheshimiwa" lilienea katika Bunge na majukwaani, na malalamiko kwamba limeufukuza undugu yamesikika mara nyingi. Hata hivyo, ndani ya kumbi za CCM neno "Ndugu" lilibaki kuwa jina rasmi la kutajia viongozi na wajumbe.

Chadema walichagua "Kamanda". Katika miaka ya 2010 wanachama na viongozi walivaa magwanda ya kaki, wakaonyesha alama ya vidole viwili, na wakazungumza kwa msamiati wa mapambano. Chama kilijifananisha na kambi ya vita. Kambi ina nidhamu, ina safari na ina adui. Kama ilivyodokezwa hapo juu, wachezaji wa beni waliwahi kufanya jambo la namna hiyo: kuchukua sare na vyeo vya wenye nguvu na kuvivaa wao.

Mgongano wa mitindo hii miwili ulionekana vizuri katika malumbano ya mwaka 2011 na 2012. CCM ilitangaza mpango wa kujisafisha uliojulikana kwa jina la "kujivua gamba", sitiari iliyotokana na nyoka anayebadili ngozi. Kiambishi -ji- kilikuwa na kazi kubwa hapo: chama kinajivua chenyewe, kwa wakati wake, na kinabaki kilekile. Chadema wakajibu kwa wito: "Vua gamba, vaa gwanda." Kiambishi -ji- kimetoweka. Kitenzi kimekuwa amri, na anayeamriwa si chama tena bali mwanachama mmoja mmoja wa CCM, anayealikwa kuhama. Mfuatano wa "vua" na "vaa", na wa "gamba" na "gwanda", ukaifanya kauli hiyo ikae katika kumbukumbu kuliko hotuba nyingi za kipindi hicho. Huo ulikuwa ustadi uleule wa malumbano ya kale: kulichukua neno la hasimu, kuligeuza kidogo, na kulirudisha kwake likiwa na uzito mwingine.

Sitiari ya ukoo na sitiari ya kambi kila moja ina gharama yake. Katika ukoo, anayepinga hadharani huitwa mvunja umoja. Katika kambi, huitwa msaliti. Chadema walimvua Zitto Kabwe nyadhifa zake mwaka 2013, na mwaka 2015 safari yake katika chama hicho ikafikia mwisho. CCM walimfukuza Bernard Membe mwaka 2020, kisha wakamsamehe mwaka 2022. Maneno yaliyotumika yalitofautiana, lakini mlango uliofunguliwa ulikuwa mmoja.

5.0 Majina ya Mageuko

Kabla ya kufika ukumbini, ni vyema kuyatazama majina matatu yaliyogombaniwa: mapinduzi, mageuzi na mabadiliko. "Mapinduzi" hutokana na kitenzi "pindua". "Mageuzi", neno lililobebwa na NCCR-Mageuzi katika uchaguzi wa 1995, hutokana na "geua". Vitenzi hivi viwili huhitaji yambwa: mtu hupindua kitu au hugeua kitu. Kwa hiyo, ndani ya majina hayo kuna mtenda, hata kama hatajwi. "Mabadiliko" hutokana na "badilika", kitenzi kilicho katika kauli ya kutendeka. Jambo hubadilika, si lazima awepo anayelibadili.

Mwaka 2015 neno "mabadiliko" ndilo lililotawala majukwaa ya upinzani. Lilikuwa neno pana lililoweza kumkaribisha kila mtu, akiwamo aliyekuwa Waziri Mkuu wa serikali ya CCM hadi mwaka 2008. Upana huo ulikuwa nguvu yake na udhaifu wake pia. CCM ilijibu kwa kaulimbiu fupi ya "Hapa Kazi Tu", isiyo na kitenzi wala ahadi ya kubadilisha mfumo, lakini yenye kumwonyesha mtenda kazi akiwa mahali fulani. Kisarufi, wapinzani walisimama upande wa jambo linalotokea lenyewe, na chama tawala kikasimama upande wa mtu anayetenda. Ni kinyume cha ilivyotarajiwa.

6.0 Kumbi Mbili za Mwaka 2015

Mwaka 1995, Mkutano Mkuu wa CCM uliofanyika Chimwaga, Dodoma, ulikuwa na majina matatu: Benjamin Mkapa, Jakaya Kikwete na Cleopa Msuya. Kikwete aliongoza katika duru ya kwanza. Katika duru ya pili Mkapa alipata kura 686 na Kikwete 639. Kikwete alibaki katika chama, akatumikia kama Waziri wa Mambo ya Nje kwa miaka kumi ya Mkapa, na mwaka 2005 akateuliwa kuwa mgombea. Mkutano huo uliacha kielelezo cha nadra cha mtu aliyeshindwa waziwazi, kwa tarakimu zilizosomwa, na bado akabaki "Ndugu".

Miaka ishirini baadaye, kumbi mbili zilitoa picha mbili. Julai 2015 CCM ilikutana tena Dodoma. Vikao vya awali viliwaondoa wagombea wengi, Edward Lowassa akiwa miongoni mwao. Katika kikao cha Halmashauri Kuu, sehemu ya wajumbe iliimba wimbo wa zamani wa kuonyesha imani kwa Mwalimu Nyerere, ila safari hii jina lililotiwa lilikuwa la Lowassa, na mwenyekiti aliyekuwa akiingia ukumbini alikuwa Kikwete. Hakuna aliyekiuka mtindo wa chama. Wimbo ulikuwa halali, mahali palikuwa halali, na desturi ya kuimba ilikuwa ya miongo mingi. Lakini jina moja lilipobadilishwa, toni iligeuka kutoka utii hadi uasi. Wajumbe watatu wa Kamati Kuu, mmoja wao Emmanuel Nchimbi, walijitenga na uamuzi wa kikao chao mbele ya waandishi wa habari. Hatimaye Mkutano Mkuu ulipiga kura kwa majina matatu. John Magufuli alipata kura 2,104, Amina Salum Ali 253, na Asha-Rose Migiro 59.

Tarehe 28 Julai Lowassa alijiunga na Chadema, na tarehe 4 Agosti Mkutano Mkuu wa chama hicho ulikutana katika ukumbi wa Mlimani City, Dar es Salaam. Vyama vya CUF, NCCR-Mageuzi na NLD vilishirikiana na Chadema chini ya mwavuli wa UKAWA. Lowassa alithibitishwa akiwa hana mshindani, na Juma Duni Haji, aliyetoka CUF, akawa mgombea mwenza. Ukumbi ulijaa shangwe. Wajumbe hawakuwa na jina la pili la kulipigia kura. Willibrod Slaa, aliyegombea urais kwa tiketi ya chama hicho mwaka 2010, hakuwapo, na tarehe 1 Septemba alitangaza kuachana na siasa za vyama. Profesa Ibrahim Lipumba alijiuzulu uenyekiti wa CUF siku mbili tu baada ya mkutano wa Mlimani City.

Hapa ndipo ulinganisho wa kawaida unapogonga mwamba. Chama chenye salamu ya kurudisha neno ndicho kilichohesabu kura na kusoma tarakimu za walioshindwa. Chama chenye salamu ya kukamilisha ndicho kilichothibitisha jina moja kwa shangwe. Kama toni ingekuwa zao la mtindo, mambo yangekuwa kinyume chake. Sababu inaonekana iko kwingine. Dodoma, pamoja na mchujo mkali uliotangulia, ilibaki na shaka kidogo kuhusu mshindi. Mlimani City haikuwa na shaka yoyote. Katika uchaguzi wa tarehe 25 Oktoba, Magufuli alitangazwa mshindi kwa asilimia 58.46 dhidi ya 39.97 za Lowassa, ambaye mwaka 2019 alirejea CCM.

7.0 Wiki Moja ya Januari 2025

Januari 2025 vyama hivi viwili viliitisha mikutano mikuu katika wiki moja, na nafasi zao zikabadilishana.

CCM ilikutana Dodoma tarehe 18 na 19 Januari. Wajumbe walikuwa na kazi ya kumpata Makamu Mwenyekiti wa Bara, nafasi iliyochukuliwa na Stephen Wasira. Kisha wajumbe wakatoa hoja kwamba Samia Suluhu Hassan atangazwe papo hapo kuwa mgombea urais wa Oktoba. Hoja ilipokelewa na kupitishwa. Nchimbi, aliyejitenga na Kamati Kuu mwaka 2015, sasa alitajwa kuwa mgombea mwenza. Kitenzi kilichotawala kilikuwa "kumpitisha". Msemo wa "kauli moja", ambao katika Kiswahili huonyesha maafikiano ya wote, ulikuwa na maana yake ya juu juu pia: ukumbi ulikuwa na kauli moja tu. Toni ilikuwa ya sherehe na shukrani. Aliyetaka kusema vingine alisubiri kutoka nje. Julai mwaka huohuo Humphrey Polepole, aliyewahi kuwa Katibu wa Itikadi na Uenezi wa CCM, alijiuzulu ubalozi na kuukosoa hadharani utaratibu uliotumika kumpata mgombea.

Tarehe 21 Januari Chadema ilikutana Mlimani City, ukumbi uleule wa mwaka 2015. Freeman Mbowe, mwenyekiti tangu 2004, alishindana na makamu wake, Tundu Lissu. Wiki zilizotangulia zilijaa maneno makali kati ya watu waliokuwa wamepigana upande mmoja kwa miaka mingi, zikiwamo shutuma za matumizi ya fedha. Sitiari ya kambi ilifikia kikomo chake, kwani kila kundi lilikuwa na makamanda wake na "adui" alikuwa amevaa gwanda lilelile. Kura zilihesabiwa usiku kucha. Lissu alipata 513, Mbowe 482, na Odero Charles Odero kura 1. Mbowe aliandika kuyakubali matokeo na kumpongeza mshindi kabla hayajatangazwa rasmi.

Tarakimu za Mlimani City 2025 zinafanana kwa namna ya kushangaza na zile za Chimwaga 1995. Katika kumbi zote mbili tofauti ilikuwa ndogo, na katika zote mbili ilipatikana toni ambayo salamu za vyama haziwezi kuizaa: unyenyekevu wa mtu aliyeshindwa na tahadhari ya mtu aliyeshinda. Toni hiyo haikuwa ya CCM wala ya Chadema. Ilitokana na shaka ya kweli iliyokuwa ukumbini.

Haitakuwa sahihi, hata hivyo, kudai kwamba kuhesabu kura hutibu kila kidonda. Baada ya mkutano wa Mlimani City, kundi la wanachama waliopinga mwelekeo wa uongozi mpya lilijitoa na kuhamia CHAUMMA mwezi Mei 2025, na mmoja wao, Salum Mwalimu, akawa mgombea urais wa chama hicho. Mlango uliotumiwa na Mtemvu mwaka 1958 ulikuwa bado wazi. Tofauti ni kwamba safari hii hoja ya walioshindwa ilikuwa na tarakimu iliyoandikwa, 482, na hakuna jina la busara litakaloifuta.

8.0 Hitimisho

Ulinganisho huu unaonyesha kwamba mtindo wa mkutano mkuu hautabiri toni yake. Salamu ya "Kidumu" ilikuwapo Chimwaga mwaka 1995, penye ushindani wa karibu, na ilikuwapo Dodoma mwaka 2025, penye kauli moja. "Pipoz" ilikuwapo Mlimani City mara zote mbili. Mtafiti anayekusanya kaulimbiu peke yake atapata tofauti za vyama, lakini atakosa jambo muhimu zaidi, yaani mahali ambapo kutokubaliana kunaruhusiwa kusikika. Inafaa achunguze pia vimya vya ukumbi, vitenzi vya uamuzi (kuchagua, kuteua, kupitisha, kuthibitisha), na maneno ya mtu aliyeshindwa.

Suala hili lina uzito unaozidi taaluma ya mtindo. Tarehe 12 Aprili 2025 Chadema iliondolewa katika uchaguzi kwa kutosaini kanuni za maadili, siku chache baada ya Lissu kukamatwa na kushtakiwa kwa uhaini. Uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba ulifanyika bila chama hicho. Matokeo yaliyotangazwa yalimpa Samia asilimia 97.66. Siku hizo ziliambatana na maandamano, kuzimwa kwa intaneti, amri ya kutotoka nje usiku jijini Dar es Salaam, na vifo.

Desturi ya Kiswahili ya mwito na mwitikio, tangu malumbano ya washairi hadi vikundi vya beni, ilihitaji pande mbili. Uhai wake ulitokana na kwamba aliyeanzisha hakujua atajibiwa nini. Vyama vya siasa viliichukua desturi hiyo na kuitumia kwa ustadi mkubwa, lakini mara nyingi vilichukua sauti ya mwitikio na kuiacha shaka yake. Pale shaka iliporejeshwa ukumbini, kwa kura 686 na 639, au 513 na 482, lugha ya vyama vyote viwili ilipata maneno ya kumwambia aliyeshindwa kwamba bado yumo.